Gauss si namba moja: aliyekalia hazina hawezi kumpita aliyeigawa

#1 Kipeuo

Wakuu, salaam.

Kila nikikutana na orodha ya wanahisabati wakubwa kuliko wote, juu kabisa nawakuta watatu walewale: Archimedes, Newton, Gauss. Wawili wa kwanza sina ugomvi nao. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nifungue uzi.

Kichwa cha Gauss (1777–1855) silibishi. Ninachobisha ni kwamba alikalia vitu. Muhuri wake ulikuwa na maneno ya Kilatini yenye maana ya "machache, ila yaliyoiva". Shajara yake ina maingizo 146, la kwanza la tarehe 30 Machi 1796, na watu walipoisoma baada ya kifo chake walikuta humo mambo ambayo Abel na Jacobi waliyatolea jasho miaka thelathini baadaye.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya János Bolyai. Kijana aligundua jiometri mpya kabisa, ambayo ndani yake kanuni ya Euclid ya mistari sambamba haifanyi kazi, akaichapisha mwaka 1832. Baba yake, rafiki wa Gauss tangu chuoni, akampelekea mzee aione. Jibu likaja: siwezi kuisifu, maana nikiisifu nitakuwa najisifu mwenyewe, haya nimekuwa nayo kichwani miaka mingi. Bolyai hakuchapisha tena hisabati mpaka anakufa.

Sasa mtazame Euler (1707–1783). Orodha ya kazi zake inafika 866. Alitoa kila kitu, hata njia alizojaribu zikamkatalia aliziandika ili mwingine asizirudie. Ukubwa wa mwanahisabati, kwangu, ni alichowaachia wenzake mkononi, si alichokufa nacho kwenye droo. Namba moja ni Euler. Nipingeni.

#2 Namba_Tasa

Naunga mkono hoja. Na zile alama tunazoandika kila siku, e, i, Σ, f(x), π, zote ni za Euler. Huwezi kuandika ukurasa mmoja wa hisabati bila kutumia mkono wake.

#3 Mwalimu_Tufe

Namba_Tasa, hiyo π itoe kwenye orodha yako. Aliyeitumia kwa maana hii ni William Jones mwaka 1706, na Euler alizaliwa mwaka uliofuata. Euler aliieneza, na kwa kuwa kila mtu alimsoma Euler, ikashika. Hizo nyingine ziache.

Kipeuo, hoja yako ni nzuri ila umeitazama upande mmoja. Gauss alichapisha kitabu chake cha nadharia ya namba mwaka 1801 akiwa na miaka 24. Nimekifundishia vipande vyake miaka mingi. Hakuna mstari uliolegea. Ukikuta "kwa hiyo", ni kwa hiyo kweli.

Euler je? Chukua lile tatizo lake maarufu: jumla ya 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 na kuendelea bila kikomo. Jakob Bernoulli lilimshinda. Euler, akiwa na miaka 27, akasema jibu ni π²/6. Alipataje? Alichukua mfululizo wa sine, akaufanya kama mlinganyo wa kawaida wenye majawabu yasiyo na mwisho, akauvunja vipande kama tunavyovunja mlinganyo wa kipeo cha pili, akalinganisha. Jibu sahihi kabisa, ila wakati ule hakuna aliyejua kama unaruhusiwa kufanya hivyo. Uhalali wenyewe ulikuja kukamilika karne ya 19.

Gauss asingelitoa lile mpaka tundu lizibwe. Hicho unachokiita kukalia, mimi nakiita uaminifu.

#4 Kipeuo

Mwalimu, asante kwa sahihisho la π.

Lakini umenisaidia bila kutaka. Euler angengoja tundu lizibwe, π²/6 tungeisubiri zaidi ya miaka mia. Na hakujificha nyuma ya ujanja: alikokotoa jumla hiyo kwa tarakimu nyingi akaona zinalingana na π²/6, kisha akaurudia uthibitisho kwa njia nyingine miaka iliyofuata. Mtu anayesema "hili nimeliona, hapa bado kuna shaka" ni mwaminifu pia.

#5 Witiri

Nimeweka kambi hapa. Ila jamani, mmesahau kile kisa cha Gauss akiwa mtoto, mwalimu anawapa darasa wajumlishe 1 mpaka 100 ili apumzike, Gauss anaandika 5050 papo hapo. Mtoto wa namna hiyo unampima na nani?

#6 Tarakimu

Witiri, kisa kipo ila si hivyo. Aliyekiandika kwanza ni Sartorius, rafiki wa Gauss uzeeni, mwaka 1856. Anasema mwalimu alitoa jumla ya namba zinazopanda kwa tofauti ileile, Gauss akaweka kibao chake mezani akisema "ndiyo hiyo". Hakutaja 1 mpaka 100. Namba hizo, na 5050, zimeongezwa na wasimulizi waliokuja nyuma. Kila anayekisimulia anachagua namba anazoweza kuzifanya mwenyewe haraka.

#7 Bikari_na_Rula

Mnazungumzia shajara ya Gauss bila kutaja ingizo lenyewe la kwanza! Machi 30, 1796, kijana wa miaka 18 anaonyesha kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linachorwa kwa bikari na rula tupu. Tangu Wagiriki, zaidi ya miaka 2,000, hakuna aliyeongeza umbo jipya ambalo idadi ya pande zake ni namba tasa. Walikuwa na la pande 3 na la pande 5, basi.

Ila namba moja wangu si Gauss wala Euler. Ni Archimedes. Hawa wengine walikuwa na tarakimu, walikuwa na aljebra, walikuwa na barua zinazotoka mji mmoja kwenda mwingine. Archimedes alikuwa Syracuse, kisiwani Sicily, karne ya 3 kabla ya Kristo, hana hata alama ya sifuri. Akazungushia duara umbo la pande 96 nje na jingine ndani, akaibana π kati ya 223/71 na 22/7. Hebu jaribu kukokotoa vipeuo vya pili vya hesabu ile kwa namba za Kigiriki, ambazo ni herufi.

Na tufe: ujazo wake ni theluthi mbili za silinda inayolifunika. Aliupenda mno ugunduzi huo hata akataka tufe na silinda vichorwe kwenye kaburi lake. Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, alipokuwa Sicily mwaka 75 kabla ya Kristo alilikuta kaburi limefunikwa na miiba, akalitambua kwa mchoro huo.

#8 Sifuri_Kwanza

Bikari, umesema "hakuna aliyeongeza" kana kwamba wote waliokuwa wanafanya hesabu duniani walikuwa wanaandika Kigiriki. Hapo ndipo orodha zote hizi zinaponichosha.

Tuanze na jina la Gauss mwenyewe. Ile njia ya kutatua milinganyo mingi kwa kuondoa herufi moja moja, tunayoiita njia ya Gauss, imo kwenye kitabu cha Wachina cha sura tisa, sura ya 8, kilichokamilika takriban karne ya 1. Swali la kwanza la sura hiyo ni la mavuno. Mafungu 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 ya duni yanatoa vipimo 39. Mafungu 2, 3 na 1 yanatoa 34. Mafungu 1, 2 na 3 yanatoa 26. Kila fungu linatoa ngapi? Wanapanga vijiti kwenye ubao, safu kwa safu, wanazidisha na kutoa, mpaka inabaki herufi moja. Majibu ni 37/4, 17/4 na 11/4. Fanyeni wenyewe muone. Na humohumo kuna namba hasi, vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi.

Pythagoras? Kuna kibao cha udongo cha Babeli, kinaitwa Plimpton 322, cha takriban mwaka 1800 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kina safu 15. Moja ina 12709 na 18541. Upande wa tatu unakuwa 13500. Zidisheni kila namba kwa yenyewe mkaone kama pembetatu haifungi. Namba kubwa namna ile huipati kwa kubahatisha.

Zu Chongzhi, karne ya 5, akasema π ni karibu na 355/113, sahihi mpaka tarakimu sita baada ya nukta. 22/7 ya Archimedes inakosea kwenye tarakimu ya tatu.

Na Madhava wa Kerala, aliyefariki takriban mwaka 1425: 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 na kuendelea ni robo ya π. Vitabu vinauita mfululizo wa Leibniz, aliyezaliwa 1646.

#9 Mlinganyo

Nakazia hapo kwenye majina. Kanuni ya L'Hôpital, ambayo kila aliyesoma kalkulasi ameitumia, ni ya Johann Bernoulli. L'Hôpital alikuwa bwana mwenye mali, mwaka 1694 akamwandikia Bernoulli akiahidi kumlipa livre 300 kwa mwaka ampelekee magunduzi yake na asiyatoe kwa wengine. Mwaka 1696 L'Hôpital akatoa kitabu. Kanuni ikamfuata yeye.

#10 Bikari_na_Rula

Sifuri_Kwanza, nimefanya ile ya 13500. Imefunga: 343,768,681 pande zote mbili. Nimenyamaza kwa hilo.

Ila kuwa na jedwali la namba si kuthibitisha. Kibao hakisemi kwa nini. Euclid anasema kwa nini, na kwa pembetatu zote, hata zile ambazo hutaandika kamwe.

#11 Sifuri_Kwanza

Bikari, basi na Euler tumtoe, maana Mwalimu Tufe katuonyesha hapo #3 kwamba π²/6 mwanzoni haikuwa na uthibitisho kamili. Ukidai uthibitisho kwa Babeli, dai na kwa Euler. Kipimo kiwe kimoja.

Na wa Kerala walithibitisha. Jyesthadeva aliandika hoja za mifululizo hiyo hatua kwa hatua katika karne ya 16, kwa Kimalayalam, lugha ya watu wake.

#12 Witiri

Hapo Bikari umepigwa kwa bikari yako mwenyewe. Mwageni madini wakuu.

#13 BintiPai

Nimesoma mpaka hapa. Majina mangapi? Nimehesabu zaidi ya kumi na tano. Mwanamke hata mmoja hayupo.

Sophie Germain (1776–1831). Akiwa na miaka 13, mapinduzi ya Ufaransa yanaendelea mitaani, anajifungia kwenye maktaba ya baba yake na kusoma kisa cha Archimedes kuuawa na askari wa Kirumi huku akichora maumbo. Akaona kitu kinachoweza kumsahaulisha mtu kifo chake ni kitu cha kusomwa. Chuo cha École Polytechnique cha Paris hakikupokea wasichana, hivyo akajipatia maandishi ya masomo na kuwaandikia wakubwa kwa jina la mwanamume, Bwana LeBlanc. Kwa jina hilo alimwandikia Gauss juu ya kile kitabu cha 1801.

Jeshi la Napoleon lilipoingia mji wa Gauss, Germain aliogopa yasije yakamkuta ya Archimedes, akamwomba jenerali waliyefahamiana naye amlinde. Ndipo Gauss akagundua LeBlanc ni nani. Barua yake ya 1807 ipo, anamsifu kwa ujasiri wa kupita vizuizi ambavyo mwanamume havimhusu. Kipeuo, huyo Gauss unayemwona bahili, soma barua ile.

Kwa nini nalisema hili kwa uchungu. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba msichana akipata hisabati ni kwa kukariri. Niliacha miaka miwili. Nilirudi kwa sababu nilikutana na jina la Emmy Noether pembeni ya ukurasa, nikataka kujua ni nani. Leo kazi yangu ni takwimu. Kwa hiyo orodha zenu si mchezo tu. Kuna mtu mahali anaitazama kuona kama yumo.

#14 Mwalimu_Tufe

BintiPai, umesema kweli, na kama mwalimu naumia kusikia hilo la darasani.

Noether ningemweka kwenye kumi bora bila kusita. Alialikwa chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1915 na wanahisabati Hilbert na Klein. Chuo kikakataa kumpa ruhusa ya kufundisha, akafundisha masomo yaliyotangazwa kwa jina la Hilbert, bila mshahara. Mwaka 1918 akatoa nadharia ambayo wanafizikia wanaiegemea mpaka leo: kila ulinganifu wa sheria za maumbile unaleta kitu kisichopotea. Sheria zikiwa zilezile jana na leo, nishati haipotei. Zikiwa zilezile hapa na pale, momenta (tungamo ya kitu mara mwendokasi wake) haipotei. Baada ya hapo akaipanga upya aljebra yote. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza, akaenda Marekani, akafa 1935 akiwa na miaka 53.

#15 Namba_Tasa

Hivi kwa nini hisabati haina Nobel? Nasikia mkewe Nobel alichukuliwa na mwanahisabati.

#16 Tarakimu

Namba_Tasa, Nobel hakuwahi kuoa. Kisa kimefia hapo.

Wenye hisabati wana medali ya Fields, tangu 1936, kwa walio chini ya miaka 40 tu. Andrew Wiles alipokamilisha uthibitisho wa nadharia ya mwisho ya Fermat alikuwa ameshavuka 40, wakampa sahani maalumu mwaka 1998. Mwanamke wa kwanza kuipata Fields ni Maryam Mirzakhani, 2014. Wa pili Maryna Viazovska, 2022. Perelman walimpa 2006, akaikataa. Na kuna tuzo ya Abel tangu 2003, isiyo na kikomo cha umri.

Turudi kwenye mada. Naona tunapimana kwa mizani tofauti. Kipeuo anapima kwa kugawa, Mwalimu kwa ukamilifu, Bikari kwa ugumu wa mazingira. Mimi nina mizani ya nne: asingezaliwa, tungechelewa miaka mingapi?

Newton asingezaliwa, Leibniz alichapisha kalkulasi mwaka 1684, Newton mwenyewe alikuwa bado ameificha. Kwa kalkulasi tungechelewa sifuri. Gauss kwenye jiometri mpya: Lobachevsky wa Urusi aliitoa 1829, Bolyai 1832, sifuri tena. Ila Galois, mwenye nadharia ya milinganyo ipi inatatulika kwa vipeuo na ipi haitatuliki, aliyeuawa kwenye pambano la bastola mwaka 1832 akiwa na miaka 20? Liouville alipoichapisha kazi yake mwaka 1846, bado hakuna mwingine aliyekuwa ameifikia.

#17 Witiri

Galois aliyeandika nadharia yake yote usiku mmoja kabla ya kufa!

#18 Mwalimu_Tufe

Witiri, leo visa vyako vyote vinarudi karakana. Galois alikuwa ameshapeleka kazi ile Akademia ya Sayansi ya Paris, Poisson akaisoma mwaka 1831 akasema haieleweki. Usiku wa mwisho alimwandikia rafiki yake Chevalier barua ya muhtasari na kurekebisha hapa na pale. Kazi yenyewe ilikuwa ya miaka.

#19 Bikari_na_Rula

Mizani ya Tarakimu naipokea kwa mikono miwili, maana inamweka Archimedes juu. Aliandika kitabu akieleza jinsi alivyofikia majibu yake: anakata umbo vipande vyembamba visivyohesabika na kuvipima kwenye mizani ya kuwazia. Hiyo ni kalkulasi ikiwa changa. Kitabu kikapotea. Karne ya 13 mtu alikwangua ngozi zake akaandika sala juu yake. Msomi Heiberg alikuja kuyasoma maandishi yaliyofifia mwaka 1906 huko Constantinople, wakati kalkulasi imeshabuniwa upya na wengine. Hesabuni pengo lililopo kati ya Archimedes na Newton: miaka 1,800 na ushei.

#20 Kipeuo

Bikari, umenipa silaha. Kilichotuchelewesha ni kitabu kutofika mikononi mwa watu! Kiwe kimekwanguliwa au kimefungiwa kwenye droo, kwa msomaji ni kitu kimoja. Mwaka 1805 Gauss alipokuwa akikokotoa njia za sayari ndogo alibuni njia ya haraka ya kuvunja wimbi kuwa mawimbi madogo. Hakuitoa. Cooley na Tukey wakaibuni upya mwaka 1965, na leo ndiyo inayofanya kazi kila sauti na picha inapopita kwenye kompyuta. Miaka 160.

#21 Mwalimu_Tufe

Kipeuo, ile ilichapishwa mwaka 1866 kwenye kazi zake zilizokusanywa. Ilikaa wazi kwenye maktaba miaka 99, karibu hakuna aliyeigusa, kwa sababu hakukuwa na mashine ya kuihitaji. Kutoa si dawa ya kila kitu.

Na juu ya ile jiometri, alimwandikia Bessel mwaka 1829 kwamba anaogopa kelele za wasioelewa. Lobachevsky aliyetoa alikejeliwa kweli. Gauss hakukosea kuhusu kelele.

#22 Mlinganyo

Kuna maelezo mengine ya kuficha: ilikuwa ajira. Italia ya karne ya 16 wanahisabati walishindana hadharani, huyu anampa yule maswali, mshindi anapata jina na nafasi. Del Ferro alijua kutatua mlinganyo wa kipeo cha tatu, akamwachia siri mwanafunzi wake. Tartaglia akaigundua mwenyewe, akambwaga mwanafunzi huyo, kisha mwaka 1539 akamwambia Cardano kwa shairi, kwa kiapo asitoe. Cardano alipoona daftari la del Ferro akasema kumbe wa kwanza si Tartaglia, akachapisha 1545 na kuwataja wote wawili. Tartaglia hakumsamehe. Kwa hiyo Kipeuo, anayetoa naye anaweza kuwa amevunja kiapo. Cardano ni shujaa wako au msaliti?

#23 Kipeuo

Mlinganyo, hilo limenikwamisha. Nalala nalo.

#24 Sifuri_Kwanza

Kwa mizani ya Tarakimu, Ramanujan (1887–1920). Barua yake ya mwisho kwa Hardy, mwanahisabati wa Uingereza aliyemlea, Januari 1920, ilikuwa na vitu alivyoviita theta za kuigiza. Miaka zaidi ya 80 watu waliona vinafanya kazi bila kujua ni nini hasa. Zwegers ndiye aliyevieleza mwaka 2002. Asingezaliwa, mpaka leo huenda tusingejua kama kuna kitu cha kutafuta. Na Hardy alipowapa wenzake alama za kipaji, kama Erdős alivyosimulia, alijipa 25, Littlewood 30, Hilbert 80, Ramanujan 100.

#25 BintiPai

Hapo mizani inayumba. Kitu kikichelewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka, je, kimechelewa au kimekaa tu peke yake? Nampenda Ramanujan, ila Euclid angefanya vibaya kwa mizani hii, maana alikusanya mengi ya waliomtangulia. Na bado vitabu vyake 13 vimefundisha dunia kwa zaidi ya miaka 2,000.

#26 Asikiaye

Wakuu, mimi huwa nasikiliza tu, siandiki. Nilipoteza macho nikiwa na miaka 19. Uzi huu unasomwa na programu ya sauti, na ikifika kwenye kipeo cha pili inasema mambo ya ajabu, kwa hiyo mnisamehe nikikosea.

Mmemzungumzia Euler bila kusema alikuwa kipofu. Jicho la kulia lilikwenda akiwa na miaka thelathini na kitu, la pili kuanzia mwaka 1766. Baada ya hapo alitoa karibu nusu ya kazi zake. Alikuwa anasema, wanawe na wasaidizi wanaandika. Mwaka 1772 alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Ili kuwa na hakika lazima ukague vigawanyo mpaka 46,340. Yeye alionyesha kwanza kwamba kigawanyo chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Wengi wakaanguka kabla ya kuguswa.

Aliyenisomea habari hiyo mara ya kwanza alikuwa dada yangu. Nilikuwa nimeamua kuacha masomo. Sijui kama Euler ndiye mkubwa kuliko wote. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo nafanya hesabu kichwani kila usiku kabla ya kulala.

#27 Kipeuo

Asikiaye, karibu sana ndugu. Andika zaidi.

#28 Bikari_na_Rula

Asikiaye, unafanya hesabu gani usiku?

#29 Asikiaye

Ya mwisho ilikuwa ile ya Fermat. Alidhani 2 kwa kipeo cha 32 kuongeza 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Euler mwaka 1732 akasema hapana, inagawanyika kwa 641. Baadaye akaeleza kwamba kigawanyo lazima kiwe kizidisho cha 64 kuongeza 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, imekwisha.

Ila kichwani kuna njia fupi. 641 ni 5 mara 128, kuongeza 1. Pia ni 625 kuongeza 16. Ukizishika hizo mbili pamoja, huhitaji kugawa kabisa.

#30 Mwalimu_Tufe

Kwa wanaofuata: ya kwanza inasema 5 × 2⁷ inabakiza −1 kwa 641, kwa hiyo kipeo chake cha nne, 5⁴ × 2²⁸, kinabakiza 1. Ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka pale, unapata −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 inagawanyika. Mistari mitatu. Nitaipeleka darasani, na nitasema nimeitoa kwa Asikiaye.

Bikari, umeona? 17 yako nayo ni namba ya Fermat, 2⁴ + 1 (vipeo vyake hurudufu: 1, 2, 4, 8, 16, 32). Ndiyo maana umbo la Gauss linachorwa. Na 257, na 65,537.

#31 Bikari_na_Rula

Kwa hiyo 641 ya Euler ingekuwa haipo, Gauss angekuwa na umbo jingine la pande bilioni nne?

#32 Mwalimu_Tufe

Angekuwa nalo. La kulichora ndiyo shida.

#33 Witiri

Inayofuata je? 2 kwa kipeo cha 64 kuongeza 1. Nimeitafuta, jibu lilipatikana mwaka 1880, kigawanyo chake kidogo ni

#34 Asikiaye

Witiri, simama hapo tafadhali. Usilitaje. Najua kigawanyo lazima kiwe kizidisho cha 128 kuongeza 1. Nimeanza jana usiku, nimefika kizidisho cha 40.